Yule Muuguzi Alianza Lini?

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ungo wa korosho ukiwa nusu. Mama mkubwa hakuinuka. Aliendelea kumenya yale maganda membamba ya ndani kwa ncha za vidole, gizani, kana kwamba macho hayakuwahi kuhusika na kazi ile. Mimi nilikuwa na simu yenye chaji ya kutosha na filamu niliyoipakua mchana kwa bando la bure la mtu mwingine.

"Weka basi hiyo sinema yako," akasema. "Giza lenyewe hili."

Nikaiegemeza simu kwenye kinu. Ilikuwa Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Mpiga picha kavunjika mguu, yuko ndani kwenye kiti cha magurudumu, hana kazi ila kuchungulia madirisha ya majirani. Mama mkubwa hajui Kiingereza, kwa hiyo nikawa dijei. Nilitafsiri kwa sauti kubwa kama wale wa vibanda umiza, na pale niliposhindwa nilitunga.

Akaingia muuguzi. Mwanamke mfupi, umri umeshasogea, anaanza kumgombeza mgonjwa kabla hata hajamjulia hali. Akamtia kipimajoto mdomoni, akamlaza, akaanza kumkanda mgongo, na mdomo haupumziki.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

Mama mkubwa aliweka ungo chini. Alitazama ile mikono ya muuguzi mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo amekanda watu kweli."

Baadaye alitokea Grace Kelly na gauni lililojaza kioo kizima cha simu. Mama mkubwa akarudi kwenye korosho zake. Kila muuguzi alipotoka aliuliza, yule wa kukanda harudi? Nyumba za Naliendele, nje ya mji wa Mtwara, zina utulivu wake usiku, na swali hilo nililisikia mara nne au tano, likiwa limechanganyika na vyura.

Filamu ilipokwisha aliuliza muuguzi yule alianza lini kuigiza. Nilikuwa nimeshasoma habari zake, nikajibu kwa kujiamini: sinema yake ya kwanza alikuwa na miaka 45.

Akanyamaza. Nikasikia korosho mbili tatu zikidondoka kwenye ungo.

"Na kabla ya hapo alikuwa wapi?"

Umeme ukarudi. Nikasingizia kwenda kuzima taa ya nje.

Ni wiki ya sita sasa tangu aniulize.

## Stelingi, adui, na wanaokufa

Sisi tuliokulia kwenye mabenchi ya vibanda vya video vya Magomeni na Chikongola, hapa Mtwara mjini, tulijua watu wa aina tatu ndani ya filamu. Kuna stelingi. Kuna adui. Na kuna wanaokufa ili stelingi akasirike. Stelingi hafi, hilo hata mtoto wa chekechea wa Mtwara anakuambia, na akifa, watu wanadai hela yao.

Muuguzi yule yuko wapi hapo?

Kwenye magazeti tunaandika "mwigizaji msaidizi." Sijawahi kulipenda neno hilo. Linanipa picha ya utingo wa fuso, anayening'inia nyuma na kuweka gogo tairini gari likisimama mlimani. Halisemi chochote kuhusu mtu ambaye kazi yake yote ni kuingia mlangoni kwa dakika sita na kukuacha ukiamini kwamba alikuwa na maisha yake kabla hajabisha hodi.

Jina lake Thelma Ritter. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 14 Februari 1902. Nimemtazama wiki hizi sita kuliko nilivyowatazama ndugu zangu.

## Hesabu niliyoipenda

Nakiri kwamba hadithi ya "alianza na miaka 45" nilikuwa naipenda kwa sababu zangu. Nina miaka 38. Niliigiza shuleni, nikaigiza kwenye kikundi cha vijana hapa mjini, tukizunguka na maigizo ya malaria na ya Ukimwi mpaka Tandahimba na Newala, tukilala madarasani. Kisha maisha. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeanza na miaka 45 ni ndugu yangu wa damu, hata kama ni Mmarekani aliyekufa mwaka 1969.

Lakini swali la mama mkubwa liliniharibia.

Kwa sababu hakuanza na 45. Alisomea uigizaji kwenye chuo cha American Academy of Dramatic Arts, akiwa msichana. Alicheza kwenye majukwaa ya vikundi, vile vya kubadilisha mchezo kila baada ya muda mfupi. Mwaka 1927 akaolewa na Joseph Moran, naye mwigizaji. Kazi za jukwaani zilikuwa za kuokoteza. Mume akaacha uigizaji, akaingia kwenye matangazo ya biashara, na huko akafanikiwa. Wakapata watoto wawili. Mke akakaa na watoto. Walipokua kidogo, akarudi kupitia redio, miaka ya 1940, kwenye michezo ambayo unasikika lakini huonekani.

Hapo ndipo alipokuwa.

Nilimpigia simu mama mkubwa kumweleza, nikidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe alikuwa anajua toka zamani," akasema. "Mbona ulisema alianza?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimehesabu kuanzia siku kamera ilipomkuta.

Tena ilimkuta kwa bahati. Mwongozaji George Seaton alimpa kipande kidogo kwenye Miracle on 34th Street, ya mwaka 1947. Ni mama aliyechoka, yuko dukani na mwanawe wakati wa Krismasi. Mzee wa Krismasi wa duka anamwahidi mtoto gari la zimamoto, na mama anakunja uso kwa sababu ameshalitafuta mji mzima hakulipata. Mzee anamwelekeza duka jingine linaloliuza. Uso ule unavyobadilika! Kwanza hasira ya mtu aliyedanganywa mbele ya mtoto wake, kisha mshangao, kisha kitu kama aibu ya kuwa alikasirika. Ni dakika chache tu, na jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu.

Miaka miwili baadaye akacheza mtumishi wa nyumbani kwenye A Letter to Three Wives. Jina halikuandikwa tena. Lakini mwandishi na mwongozaji wa filamu ile, Joseph L. Mankiewicz, alikuwa ameshaona alichokiona, na haikupita muda akampa nafasi ambayo jina lake liliandikwa: Birdie, mvishaji nguo wa mwigizaji maarufu, kwenye All About Eve ya mwaka 1950.

## Sinia

Sasa niseme kwa nini nimekuwa nikizunguka.

Miaka miwili iliyopita niliitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa tamthilia. Nilipanda basi alfajiri, Lindi, Somanga, Daraja la Mkapa, na kilomita zote zile nilikuwa nikijisemesha kimoyomoyo. Ofisi ilikuwa Sinza, chumba kimoja chenye feni. Nikasoma kurasa mbili. Kijana aliyekuwa pale akauliza natokea wapi, nikasema Mtwara, na uso wake ukang'aa.

"Safi sana. Basi isome tena Kimakonde-Makonde."

Mnajua alichotaka. Alitaka "ntu" na "ntoto". Alitaka yule mlinzi wa vichekesho, mwenye rungu na koti la jeshi, safari hii kavalishwa kanga. Nafasi yenyewe ilikuwa ya dada wa kazi. Kwenye ukurasa wa kwanza anasikiliza mlangoni. Kwenye ukurasa wa pili anaangusha sinia.

Bibi mzaa bibi yangu alikuwa na chale usoni na ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, na nimewahi kuona watu wakicheka picha yake. Nilirudisha karatasi, nikashukuru, nikapanda basi la usiku. Kwa miaka miwili nimejisimulia safari ile kama ushindi.

Kisha Thelma Ritter akaingia na lafudhi yake ya Brooklyn.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake. Sauti ya mitaa ya watu wa kazi, yenye mikwaruzo, ambayo Mmarekani akiisikia anajua mara moja huyu hakulelewa na yaya. Aliibeba kutoka filamu hadi filamu. Na alicheza nani? Mtumishi. Muuguzi. Mtumishi tena. Mvishaji nguo. Mama wa mtu. Kwenye Pillow Talk ya mwaka 1959 ni mtumishi anayekuja kazini kila asubuhi na mning'inio wa pombe.

Basi nilikataa nini mimi?

Nilijibu swali hilo vibaya kwa wiki mbili nzima. Kwanza nikajiambia yeye alikuwa mzungu, kwao mtumishi ni kazi, kwetu ni kejeli. Kuna ukweli ndani yake. Miaka kumi kabla ya Birdie, Februari 1940, Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar, kwa kucheza mtumishi, na usiku wa tuzo alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile. Ritter angeweza kucheza mtumishi leo na kesho akacheza mama wa mfungwa au mwenye banda la chakula. McDaniel mlango wake ulikuwa mmoja. Hilo silisahau, na nikilisahau naomba mnikumbushe.

Lakini bado halikunitosha, kwa sababu mama mkubwa hakuona mzungu wala mtumishi. Aliona mikono.

## Wanaojua kabla

Nikaanza kumtazama upya, filamu moja baada ya nyingine, kwa daftari. Ndipo nikaona kitu ambacho sasa siwezi kuacha kukiona.

Watu wake wanajua kabla ya wengine.

Birdie ndiye wa kwanza kumtilia shaka Eve, yule binti mnyenyekevu aliyejipenyeza nyumbani kwa staa. Matajiri, waandishi, waongozaji wa jukwaani, wasomi watupu, wote wamelowa machozi kwa hadithi ya Eve. Mvishaji nguo anatoa maneno mawili ya kejeli, kisha anaendelea na kazi. Ameishi na majukwaa maisha yake yote, anajua hadithi ya kutunga ikoje.

Muuguzi wa Rear Window anadai aliuona mdororo wa mwaka 1929 ukija, kwa sababu alikuwa akimuuguza mkurugenzi wa General Motors na mtu yule alikuwa haachi kwenda chooni. Tunacheka. Lakini sikiliza hoja yenyewe: anayebeba bakuli la mgonjwa anajua habari kabla ya soko la hisa. Baadaye filamu ikigeuka kuwa ya mauaji, ndiye anayewaza bila kupepesa muuaji angeukatia mwili wapi. Bafuni. Wapi pengine pa kuosha damu?

Halafu nikakumbuka nyumba zetu.

Dada wa kazi anajua mshahara umechelewa kabla mke hajaambiwa. Anajua baba amelala wapi kwa harufu ya shati. Anajua mtoto yupi anakojoa kitandani na kwa nini ameanza tena. Kila mtu aliyewahi kuwa na dada wa kazi, au aliyewahi kuwa yeye, analijua hili. Ni kwenye tamthilia zetu tu ambako haelewi kitu, anasikiliza mlangoni na bado haelewi, kazi yake iliyobaki ni kuangusha sinia ili watu wacheke.

Kilichonirudisha Mtwara kumbe hakikuwa kanga, wala hata lafudhi, ingawa lafudhi iliniuma. Yule dada wa kurasa mbili hakujua chochote. Waliomwandika hawakumwachia hata siri moja.

Ila nami sikuuliza. Ndilo linalonikera.

## Sanda

Ijumaa moja nilirudi Naliendele na filamu nyingine, Pickup on South Street ya Samuel Fuller, ya mwaka 1953. Safari hii umeme ulikuwepo, lakini mama mkubwa akataka tuizime taa hata hivyo.

Ritter ni Moe. Anauza tai mitaani, na chini ya tai anauza habari: polisi wakimsimulia jinsi mfuko ulivyochomolewa, Moe anajua ni mkono wa nani. Anapanga bei, anapokea, anaandika. Hela anaziweka kwa jambo moja tu. Anataka kaburi lake mwenyewe, mahali pa heshima, lenye jina. Anachoogopa ni kuzikwa na manispaa kwenye makaburi ya wasio na watu. Anasema kuzikwa kule ndiko kutakakomuua.

Nilipotafsiri hapo nilitarajia kicheko, maana imeandikwa ichekeshe.

Mama mkubwa hakucheka. Alinyoosha mkono, akasimamisha picha mwenyewe kwa kidole, jambo ambalo sikujua kama analiweza. Akaenda chumbani. Nikasikia kifuniko cha sanduku la bati.

Sanda yake ninaijua. Wanawake wengi wa rika lake huku kwetu wanayo, bafta nyeupe iliyokunjwa, na udi, na manukato, na hela ya wachimba kaburi kwenye kitambaa. Nilipokuwa mdogo tulikatazwa kulifungua sanduku lile. Hakuitoa. Alikwenda tu kuhakikisha ipo, akarudi, akakaa.

"Endelea."

Kuna usiku Moe anarudi chumbani kwake amechoka. Anaweka santuri, anavua viatu, anapanda kitandani. Muuaji yumo ndani, anataka anwani ya kijana mmoja mchomoaji ambaye Moe amemwona akikua. Mwanamke aliyeuza kila mtu kwa bei maalumu, hata kijana huyu, safari hii hamuuzi. Anaongea taratibu, kama mtu anayehesabu alichobakiwa nacho. Amechoka mno, na anamwambia muuaji hivyo. Kamera inamwacha, inakwenda kwenye santuri inayokaribia kwisha, na mlio wa risasi tunausikia tu.

Nimeona waigizaji wakifa kwa kelele za kila namna. Huyu anakufa kama mtu anayemaliza zamu.

Yule kijana baadaye anakwenda kulichukua jeneza lake lisipelekwe kule alikokuogopa. Mama mkubwa alipoona hapo alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, kisha akaniambia niache kulia juu ya korosho za watu.

Nikadhani sasa ndio wakati. Nikamwuliza kuhusu yeye mwenyewe. Miaka ya nyuma, kwenye ngoma za sikukuu na mapokezi ya Mwenge, alikuwa akicheza mzee mlevi. Wanaomkumbuka wanasema watu walikuwa wanakaa chini kwa kucheka. Na ya unyagoni, anavyoiga watu huko, hayo ya ndani siyaandiki. Kisha akaolewa, akapata watoto sita, na mzee mlevi hakuonekana tena. Nikamwambia, mama mkubwa, siku ile ulipouliza kabla ya hapo alikuwa wapi, ulikuwa unajiuliza mwenyewe?

Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, usinigeuze sinema. Niliuliza watoto alimwachia nani."

## Mara sita

Ya tuzo nitayapitia haraka. Aliteuliwa Oscar mara sita, mara nne kati ya hizo kwa miaka minne mfululizo, kuanzia filamu za 1950 hadi 1953. Mara ya mwisho ilikuwa kwa Birdman of Alcatraz ya mwaka 1962, na aliyemshinda alikuwa msichana wa miaka 16, Patty Duke. Hakupata hata moja. Mwaka 1955 walimpa kuwa mshereheshaji wa tuzo hizo hizo upande wa New York, huku Bob Hope akiwa Hollywood. Muuguzi aliyemfanya mama mkubwa aweke ungo chini hayumo katika hizo sita. Jukwaani ndiko alikoshinda: Tony ya mwaka 1958, kwa mchezo wa muziki New Girl in Town, akafungana na Gwen Verdon wa mchezo huo huo.

Kuna moja linaniuma kuliko Oscar zote. Mwaka 1955 aliigiza kwenye televisheni mama anayetaka kumfanyia binti yake harusi kubwa ambayo familia haiwezi kuimudu, tamthilia iliyoitwa The Catered Affair. (Ihamishie Mikindani na huhitaji kubadilisha kitu ila suti.) Mwaka uliofuata ikatengenezwa filamu ya sinema, na yule mama akachezwa na Bette Davis. Bette Davis yule yule ambaye Ritter alikuwa mvishaji nguo wake kwenye All About Eve.

Na Birdie, kwa taarifa yenu, anapotea katikati ya filamu ile. Baada ya sherehe haonekani tena, wala hakuna anayemtaja. Nilirudia mara tatu nikidhani nimesinzia. Anayejua ameondoka, na waliobaki wanahangaika saa nzima kugundua alichokisema tangu mwanzo.

Alifariki New York tarehe 5 Februari 1969, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 67.

## Ujumbe

Jumapili iliyopita nilipekua simu nikazikuta zile kurasa mbili. Nilizipiga picha siku ile kwenye basi, sijui kwa nini, labda niwe na ushahidi. Nikamsomea mama mkubwa. Bila lafudhi ya kulazimisha, kwa lafudhi yangu tu, ambayo ukitega sikio unaisikia "n" inapopita.

Alisikiliza huku akichochea moto chini ya lile karai la matundu, moshi wa maganda ukitutoa machozi wote wawili.

"Anaangusha sinia kwa nini?"

"Imeandikwa hivyo."

"Sinia haliandikwi. Mtu anaangusha sinia ameona kitu." Akageuza korosho. "Aliona nini?"

Nikasoma tena kurasa zote mbili. Haipo.

Jioni nikaitafuta namba ya yule kijana wa Sinza. Miaka miwili imepita, huenda hanikumbuki, huenda tamthilia yenyewe ilishakufa. Niliandika ujumbe mrefu wenye maelezo na salamu, nikaufuta. Nikaandika maneno saba:

"Yule dada, kabla hajaangusha sinia, aliona nini?"

Tiki mbili zimekuwa za bluu tangu saa tatu usiku. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.